Yule wa Nyuma

Kituoni walimwita Kobe, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko hata sare. Kwanza, kwa sababu ya mtungi wa hewa: wenzake wakiuvaa walionekana watu waliobeba mtungi, yeye akiuvaa alionekana kazaliwa nao mgongoni. Pili, kwa mwendo. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, king'ora kilie namna gani. Alivuta hatua zake ndefu za pole, na bado waliokimbia walimkuta amekwisha kaa garini, mikanda imefungwa, anawangoja. Sababu ya tatu haikutamkwa mbele yake: ukimgusa kidogo tu, ukamuuliza habari za nyumbani, alirudisha kichwa ndani.

"Kobe, nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Hawajambo akina nani? Mkewe alikufa miaka kadhaa nyuma. Binti yake ameolewa mbali, humpigia simu Jumapili na kumuuliza kama anakula, naye hujibu kwamba anakula. Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda, meza, kiti na kimya. Juu ya rafu palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Si kwamba alikosa vingine. Vilikuwapo, vya marehemu, lakini siku moja alivifunga katika magazeti akavipeleka kwa binti yake, maana kuona vikombe vyote vile juu ya rafu, na mtu mmoja chini yake, kulimchosha macho.

Alipolala vizuri ni kazini. Katika bweni la kituo, vitanda vimepangwa ukutani, wanaume wanakoroma kila mmoja kwa sauti yake, yeye alilala kama mtoto aliyeshiba. Ndiyo maana mtu akimwomba amshikie zamu hakukataa. "Kobe, shemeji yako ana wageni, nishikie kesho." Kesho alikuwapo. "Kobe, mtoto anaumwa." Alikuwapo. Watu walimsifu kwa moyo wake mkunjufu. Yeye alijua kwamba moyo haukuhusika. Alikuwa anatafuta mahali pa kulala.

Mwenzake wa kuingia naye motoni alikuwa Redio, mtu mnene mcheshi ambaye hakuna aliyepata kuona kitufe chake cha kuzimia. Zimamoto huingia wawili wawili, na wakubwa walimpanga Redio na Kobe kwa makusudi, ili maneno ya mmoja na kimya cha mwingine yafidiane. Redio alisema hata akiwa ndani ya barakoa. Kobe hakusikia hata neno, lakini ile sauti ya mngurumo nyuma yake ilimtuliza.

Siku moja moto ulizuka mchana, muda mfupi baada ya chakula, jua limekaa utosini. Simu ilisema nyumba ya zamani, mtaa wa nyuma ya soko.

"Ya zamani kiasi gani?" Redio aliuliza huku akivuta buti.

"Zamani ya kukufaa wewe," alijibu mkuu wa zamu, mama mfupi mwenye sauti ya kukata kioo. "Mbao tupu. Panda gari."

Nyumba za namna ile zimamoto huziogopa kuliko ghorofa. Kuta zake chini ni nene, za mawe, zinatia moyo. Lakini juu ni boriti zilizokauka vizazi na vizazi, na kati ya dari na paa pana uwazi ambamo moto hutembea kimyakimya, kama mgeni asiyevua viatu, mpaka ghafla unauona umetokea upande wa pili wa nyumba. Tena nyumba zenyewe hugawanywa. Sebule ya babu inakuwa vyumba viwili vya wajukuu, vyumba viwili vinakuwa vinne vya wapangaji, mlango unazibwa hapa, ukuta wa plaiwudi unapigwa pale. Anayeishi humo anajua njia. Anayeingia mara ya kwanza, gizani, kwa magoti, hajui kitu.

Walikuta mtaa umejaa vitu na watu. Magodoro, televisheni, sufuria, kochi lililosimamishwa kwa mguu mmoja, cherehani, kuku ndani ya tenga. Moto ulianzia jikoni, kibanda cha bati kilichoegemea ukuta wa uani, na sasa ulikuwa umeshapanda paani. Moshi ulitoka chini ya mabati mweusi, mzito, ukijikunjakunja.

Mama mwenye nyumba alisimama katikati ya njia, kanga moja begani na nyingine mkononi.

"Kuna mtu ndani?" mkuu alimuuliza.

"Hakuna mtu. Sote tumetoka. Nimewaita mwenyewe, mmoja mmoja, kwa majina. Mpaka yule mpangaji wa usiku anayelala mchana nimemtoa na shuka lake."

Mpangaji wa usiku alikuwapo kweli, na shuka lake.

Hata hivyo, zimamoto haamini neno la mtu aliyepotewa na nyumba. Mkuu aliwaonyesha mlango kwa kidole, na Kobe na Redio wakaingia.

Kanuni ya kutafuta mtu katika moshi ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifuata. Huoni kitu, basi macho yako ni mkono. Mkono wa kulia unaugusa ukuta wakati wote, haubanduki. Wa kushoto unapapasa sakafu, chini ya vitanda, nyuma ya milango. Unafuata ukuta, unaingia kila chumba, unatoka, unaendelea, na ukuta utakurudisha mlangoni ulipoingilia. Ukirudi bila mtu, nyumba ni tupu. Kobe aliifuata kanuni hiyo maisha yake yote ya kazi. Aliifuata na siku ile. Plaiwudi, jiwe, plaiwudi, fremu ya mlango, kitanda, chini ya kitanda hakuna kitu, jiwe, mbao laini, jiwe tena. Nyuma yake Redio alimshika koti na kunguruma. Joto liliwabonyeza vichwa. Kisha mwanga wa mlango ukatokea, hao nje.

"Tupu, Mkuu," Kobe alisema alipovua barakoa.

"Vizuri. Kaeni pembeni mpumue. Hilo paa halitachukua muda."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mipira ya maji, kuukata moto usirukie jirani. Kobe aliketi ukingoni mwa njia, akapewa chupa ya maji, akajimwagia nusu kichwani. Mbele ya miguu yake palikuwa na lundo la vitu vilivyookolewa. Juu ya lundo, kimelala ubavu, kisanduku cha mbao cha kuwekea vyombo, cha kufunga kwa kufuli. Waliokirusha hawakukionea huruma. Kimlango kilikuwa kimepasuka, na vilivyokuwamo vimemwagika.

Sahani moja. Kikombe kimoja. Kijiko kimoja. Na nusu mkate, mfuko wake umekunjwa mdomo mara mbili, ukabanwa kwa kibanio cha nguo.

Kobe aliacha kunywa. Familia haina vyombo vya namna ile. Familia ina vikombe visivyofanana, sahani zenye makovu, vijiko vinavyopotea na kurudi. Wala wapangaji wanaoshea bombani pamoja hawana. Mwenye kikombe kimoja chini ya kufuli ni mtu ambaye hatarajii mgeni. Na mfuko ule wa mkate, Kobe aliukunja hivyohivyo kila siku, maana mkate wa mtu mmoja hukauka kabla haujaisha.

Aliinuka.

"Mama," alimwita mwenye nyumba. "Samahani. Hiki ni cha nani?"

"Kipi?"

"Hiki kisanduku."

"Aa, hicho. Kilikuwa pale koridoni. Hicho cha yule wa nyuma."

"Yule wa nyuma ni nani?"

"Baba yake mdogo marehemu mume wangu. Alikuwa fundi saa. Ana chumba chake kule nyuma, anatokea uani, wala hana neno na mtu, unaweza ukakaa wiki hujamwo..."

Hakumaliza. Kobe aliona uso wake ukigeuka, macho yakiruka kutoka kichwa hadi kichwa katika ule umati, yakimtafuta mtu ambaye hayakuzoea kumtafuta.

"Jamani," alisema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa: "Jamani! Yule wa nyuma yuko wapi? Nani amemwona yule wa nyuma?"

Hakuna aliyemwona. Mpangaji wa usiku alifunika mdomo kwa shuka.

"Mlango wake uko wapi, mama?"

"Uani. Pale jikoni."

Pale jikoni palikuwa tanuri.

"Hakuna mwingine? Kwa ndani?"

"Kulikuwa na mlango wa koridoni. Tuliweka kabati mbele yake, zamani. Tulikosa nafasi ya kabati."

Mbao laini. Kobe aliitazama glavu yake ya kulia. Jiwe, mbao laini, jiwe tena. Mkono huu ulikuwa umepita juu ya kabati la nguo ukalihesabu kuwa ukuta, na yeye akatoka nje kifua mbele akatangaza kwamba nyumba ni tupu.

"Mkuu. Kuna mtu."

Mkuu alitazama paa. Mabati yalikuwa yameanza kujikunja pembeni kama karatasi.

"Una uhakika?"

"Sijui kama yu hai. Ila yumo."

"Kobe, lile paa linashuka."

"Ndiyo, Mkuu."

Mkuu aliuma mdomo. Watu wengi hawajui kwamba kazi ngumu ya zimamoto ni hiyo ya kusimama nje na kusema nenda au usiende.

"Nitakumwagia maji juu yako njia nzima," alisema. "Lakini honi ya gari ikilia, unatoka. Nisikilize vizuri. Hata kama umemshika mkono, unamwachia, unatoka. Sitaki kuzika wawili."

"Ndiyo, Mkuu."

Redio alikuwa ameshavaa. "Mimi nimeoa juzijuzi," alilalamika huku akifunga mkanda. "Mke wangu hata mapishi yake sijayazoea." Akamshika Kobe koti.

Safari hii Kobe hakupapasa. Alikwenda moja kwa moja, kwa magoti, maji yakiwanyeshea kupitia matundu ya dari, ya moto kama ya kuogea. Alilipata kabati. Lilikuwa refu, la mbao ngumu za kizamani, limejaa nguo mpaka pomoni. Wakalisukuma, halikutikisika. Wakaingiza mtarimbo nyuma yake wakauning'inia wote wawili, Redio akinguruma maneno ambayo huenda yalikuwa sala na huenda yalikuwa matusi, mpaka likainama na kuanguka kwa kishindo.

Mlango ulikuwapo. Mdogo, rangi ya kijani, na kufuli lililoshika kutu. Kobe aliinua mtarimbo, kisha akasita kwa kipande cha pumzi, maana alisikia. Kule ndani, kwa upole kabisa, mtu alikuwa anagonga. Si kugonga kwa mtu anayeungua. Kugonga kwa mtu asiyetaka kusumbua.

Mlango ulipasuka. Moshi uliingia pamoja nao, ukaungana na ule uliokuwa umeshatangulia. Mzee alikuwa sakafuni, amekaa ameegemeza bega mlangoni, amevaa shati lililofungwa vifungo vyote na viatu vilivyofungwa kamba, taulo la maji puani, na mfuko mdogo mapajani, kama abiria anayengoja gari lake litangazwe. Alimtazama Kobe, lile dude lenye jicho la kioo na pumzi ya mashine, bila mshtuko.

"Mmefika," alisema, akakohoa.

Hapo honi ya gari ikalia.

Ililia ndefu, bila kupumua. Kobe alihisi Redio akimvuta koti. Alimtia mzee kwapani, akashangaa wepesi wake, na mfuko ule ukaanguka.

"Saa zangu," mzee alisema.

"Twende, mzee."

"Saa za watu. Za kutengeneza."

"Twende, baba!"

Walitoka kwa kusukumana na kuburutana, Redio mbele sasa, kanuni zote zimepinduka, honi ikiwavuta kama kamba. Walipovuka kizingiti paa la nyuma lilikaa chini, pole kabisa, kama mtu aliyechoka anayekaa kitini, kisha cheche zikapaa juu ya mtaa mzima na watu wakapiga kelele.

Mkuu aliachia honi. Alikuja akawasimamia, akawatazama watatu wale waliolala njiani, akasema, "Nilisema mtoke honi ikilia."

"Tumetoka, Mkuu," Redio alihema. "Koti la Kobe ndilo lilikuwa linachelewa."

Gari la wagonjwa lilikuja. Mzee aliwekwa hewa puani, akafunikwa. Mama mwenye nyumba alipiga magoti kando ya machela akilia, akimshika miguu.

"Baba, mbona hukuita? Mbona hukupiga kelele, baba?"

Mzee alisogeza kile kifaa cha hewa.

"Niliwasikia mkiitana," alisema. "Nilivaa viatu. Nikakaa tayari. Uliita kila mtu, mwanangu. Masikio yangu ni mazima, nilisikia majina yote." Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Nikasema labda mimi wataniita mwisho."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anavyoeleza fundi kwa nini saa ilisimama. Mama yule aliinamisha uso kwenye blanketi, na watu waliokuwa karibu wakaanza kutazama vitu vyao.

"Nani anakwenda naye?" aliuliza muuguzi wa gari, mkono mlangoni.

Mama alitazama watoto wake waliokaa juu ya magodoro, akatazama nyumba inayowaka, akatazama machela. "Ninawaachaje hawa?" alisema, na alikuwa anasema kweli. Mpangaji wa usiku alikuwa na shuka tu. Wengine walirudi nyuma hatua, jinsi watu wanavyorudi nyuma bila miguu kuonekana. Kobe alimtazama mkuu wake. Mkuu akatikisa kichwa. Zamu ni zamu, na moto ulikuwa bado haujafa. Mlango wa gari ulifungwa. Kupitia kioo Kobe alimwona mzee akiinua mkono, akadhani anamuaga mtu, kumbe alikuwa anarekebisha kola.

Siku yake ya mapumziko, badala ya kumshikia mtu zamu kama siku zote, Kobe alinunua machungwa akaenda hospitali. Wodi ilikuwa ndefu, imejaa ndugu: wanawake wanaomenya, wanaume wanaosimama, simu zinazolia. Kitanda cha mzee kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha, na pembeni yake hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekosea kitanda, mwanangu."

"Sijakosea. Mimi ndiye niliyekutoa kule."

Mzee alimpima kwa macho, kichwani hadi miguuni.

"Yule alikuwa mkubwa," alisema.

"Lilikuwa koti."

"Aa." Mzee alitafakari. "Na mgongoni alikuwa na kitu."

"Mtungi."

"Basi karibu. Umepungua."

Kobe alicheka, akajishangaa kwamba amecheka. Alisimama kando ya kitanda, akaweka machungwa juu ya kimeza, akayapanga, akayapanga tena. Kisha maneno yakamwishia. Na mzee naye hakuwa nayo. Walikuwa watu wawili waliokaa na kimya muda mrefu hata wakasahau jinsi kinavyofunguliwa. Mzee aliuliza moto ulianza vipi. Kobe akasema mafuta ya kupikia. Kobe aliuliza kifua kinaendeleaje. Mzee akasema kinapiga filimbi. Mwenye nyumba alikuwa amekuja? Alikuja, alilia, akaenda. Amepata pa kujibanza na wanawe kwa dada yake, chumba kimoja, hapatoshi.

"Hapatoshi," Kobe alirudia.

"Kweli hapatoshi. Nilimwambia asihangaike."

Kitanda cha jirani watu walicheka kwa jambo fulani, kicheko cha familia, kila mmoja akikidaka kwa mwenzake. Wote wawili walikisikiliza hadi kikaisha.

"Zile saa," Kobe alisema. "Nilirudi pale kuchakura. Sikupata kitu."

"Hazikuwa na wenyewe," mzee alisema. "Watu walileta, hawakuja kuchukua. Nilikuwa nazitia ufunguo tu, zisife."

Kobe alichukua chungwa akalimenya, polepole, ganda likatoka moja refu, akampa nusu. Walikula. Baadaye akafuta mikono kwenye suruali, akainuka.

"Basi, mzee. Nitapita tena."

"Kesho una kazi?"

"Nina zamu."

"Na keshokutwa?"

Keshokutwa Kobe hakuwa na kitu. Alinyamaza, na mzee, mwenye masikio yale mazima, akakisikia kimya chenyewe.

"Usije," mzee alisema, akitazama dirisha. "Umefanya vizuri kuja leo, Mungu akubariki. Lakini usije tena. Ukija mara ya pili nitaanza kukusikilizia mlangoni. Mimi nasikia nyayo za watu kutoka mbali. Halafu siku usiyokuja, itakuwaje? Usinizoeshe."

Muuguzi alipita na kigari cha dawa, magurudumu yakilia. Kobe alingoja kipite. Ndani yake kitu kilikuwa kinarudi nyuma, kinataka kujificha, kama kilivyozoea. Alikisikia kikikunja shingo. Akakishikilia pale pale.

"Nitakuja keshokutwa jioni," alisema. "Saa za kuona wagonjwa. Watu wanakuwa wengi, kelele tupu, hutasikia nyayo za mtu. Utashtukia nimefika."

Mzee alitazama dirisha, kifua kikipiga filimbi yake. Kisha, bila kugeuza uso, alivuta shuka, akakunja magoti, akasogeza miguu yake upande wa ukutani, na pembeni mwa kitanda pakabaki nafasi ya mtu kukaa.